Kama programu ni ya bure, mwenyewe anakula wapi? Kisa cha Unity na watengenezaji wa michezo ya simu

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi chetu cha teknolojia, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mfupi. Siku hiyo tulizungumzia vijana wanaojifunza kutengeneza michezo ya simu, au magemu kama wanavyoyaita wenyewe, kwa kutumia programu za bure. Ujumbe wake ulikuwa wa sentensi moja: "Mtangazaji, kama programu ni ya bure, mwenyewe anakula wapi?"

Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, nikaahidi kulijibu hapa kwa maandishi. Swali hilo liliwahi kuwatikisa watengenezaji wa michezo dunia nzima. Ilikuwa Septemba 2023, kampuni iitwayo Unity ilipotangaza ada mpya. Katika makala haya tunaeleza ada hiyo ilikuwa ipi, kwa nini watu walikasirika kiasi kile, walichukua hatua gani, na mwisho wake ulikuwaje.

Unity ni nini?

Huenda hujawahi kusikia jina la Unity, lakini inawezekana kazi yake umeishika mkononi. Ule mchezo wa kijana anayekimbia kwenye reli huku akifukuzwa na mlinzi na mbwa wake, Subway Surfers, umetengenezwa kwa Unity. Mwaka 2018 ulikuwa mchezo wa kwanza kupakuliwa zaidi ya mara bilioni 1 kwenye duka la programu la Google.

Mtu anayetengeneza mchezo haanzi na karatasi tupu. Kuna mambo ambayo kila mchezo unayahitaji: mpira ukianguka udunde, mtu akigonga ukuta asipite, kidole kikigusa kioo kitu kitokee. Kuyaandika yote upya kunaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo watengenezaji hutumia programu ambayo imeshayaandaa, inayoitwa injini ya michezo. Wewe unaleta hadithi, picha na sauti zako, injini inaendesha.

Jambo la kukumbuka ni hili: mchezo ukikamilika, sehemu ya injini husafiri ndani yake hadi kwenye simu ya mchezaji. Huwezi kuichomoa ukabaki na mchezo wako. Ukitaka kubadilisha injini, kwa kawaida unaandika upya sehemu kubwa ya kazi.

Unity ilianzishwa mwaka 2004 jijini Copenhagen, Denmark, na baadaye ikahamishia makao yake makuu San Francisco, Marekani. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa na toleo la bure kwa wadogo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kulipakua na kuanza kujifunza bila kulipa. Mapato yake yakikua, ndipo alitakiwa kununua leseni. Leseni ya Pro, kwa mwaka 2023, iligharimu dola 2,040 kwa mwaka kwa kila mtumiaji, yaani zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania kwa thamani ya wakati ule. Baada ya hapo, mchezo ukiuzwa mara 10 au mara milioni 10, Unity haikudai kitu juu ya mauzo hayo. Watu wengi walijenga biashara zao kwa kutegemea utaratibu huo.

Tangazo la tarehe 12 Septemba 2023

Siku hiyo Unity ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2024 itatoza ada kwa kila mara mchezo unapowekwa kwenye kifaa cha mchezaji.

Ada haikuwahusu wote. Kwa wanaotumia toleo la bure, ingeanza pale mchezo unapokuwa umeingiza dola 200,000 katika miezi 12 na kuwekwa kwenye vifaa mara 200,000 tangu utoke. Kwa wenye leseni ya Pro, viwango vilikuwa dola milioni 1 na mara milioni 1.

Aliyevuka viwango hivyo kwa toleo la bure angelipa senti 20 za dola kila mchezo wake unapowekwa kwenye kifaa katika nchi tajiri kama Marekani, Uingereza na Japani. Hiyo ilikuwa kama shilingi 500. Kwa nchi nyingine, zikiwemo zetu, ingekuwa senti 2, sawa na shilingi 50 hivi. Wenye Pro wangelipa pungufu kadiri idadi inavyopanda.

Mchezaji mwenyewe asingetozwa chochote. Bili ingekwenda kwa mtengenezaji.

Kwa haraka unaweza kusema: shilingi 500, tena kwa mtu anayeingiza mamilioni, ubaya uko wapi? Hapo ndipo watengenezaji walipochukua kalamu na kupiga hesabu.

Hesabu iliyowatisha

Michezo mingi ya simu ni ya bure kwa mchezaji. Fedha hutoka kwenye matangazo, au kwa wachache wanaonunua vitu ndani ya mchezo. Kwa hiyo watu wanaoweka mchezo kwenye simu wanaweza kuwa wengi mno, wakati kila mmoja wao analeta fedha kidogo sana, au haleti kabisa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtengenezaji anatumia toleo la bure na anaingiza dola 300,000 kwa mwaka. Mchezo wake ukapendwa, na mwaka huo ukawekwa kwenye simu milioni 5 huko nchi tajiri. Zidisha milioni 5 kwa senti 20. Unapata dola milioni 1. Ameingiza 300,000, anadaiwa 1,000,000.

Ni kweli angeweza kukwepa kwa kununua leseni ya Pro, ambako kiwango cha kuanza kulipa kilikuwa juu zaidi. Lakini tatizo la msingi lilibaki palepale: ada ilifuata idadi ya simu, haikufuata fedha iliyoingia. Wasikilizaji wetu wanaolipa ushuru wa mazao wanaijua tofauti hii. Kulipa kwa gunia ulilouza ni jambo moja. Kulipa kwa kila mtu aliyepita shambani akaonja ni jambo lingine.

Maswali yaliyokosa majibu

Ndani ya saa chache maswali yalianza kumiminika, na majibu ya kampuni yakazidi kuwachanganya watu.

La kwanza: mtu akifuta mchezo kwenye simu kisha akauweka tena, mtengenezaji atalipa mara mbili? Mwanzoni kampuni ilisema ndiyo. Siku hiyohiyo ikabadili kauli na kusema itahesabu mara ya kwanza tu kwa kila kifaa.

La pili: je, mtu mwenye chuki akiamua kuuweka mchezo wako kwenye vifaa maelfu ili kukukomoa? Na nakala za wizi, zile zinazosambazwa bila mtengenezaji kupata hata senti, nani atazilipia? Unity ilijibu kwamba ina uzoefu wa kutambua udanganyifu kutoka katika biashara yake ya matangazo. Wengi hawakuridhika.

La tatu: nani atahesabu? Unity ilisema itatumia mfumo wake yenyewe wa kukadiria idadi. Yaani anayedai ndiye anayeshika mizani, na mdaiwa haoni ndani ya mizani hiyo.

La nne ndilo lililouma kuliko yote: je, michezo iliyokwishatoka nayo inahusika? Ndiyo. Mtu aliyetoa mchezo wake mwaka 2018, akiwa amekubali masharti ya mwaka 2018, naye angeanza kulipa kwa kila anayeuweka kwenye kifaa kuanzia Januari 2024.

Fikiria mkulima aliyekodi shamba na kupanda miparachichi. Amekubaliana na mwenye shamba kodi ya mwaka, akaitunza miche miaka kadhaa bila kuvuna. Mwaka ambao miti inaanza kuzaa, mwenye shamba anakuja na kusema kuanzia msimu ujao atatoza kwa kila tunda. Mkulima hawezi kuing'oa miti akaihamishia kwingine. Mwenye shamba analijua hilo, na mkulima anajua kwamba mwenzake analijua.

Kulikuwa na jambo jingine lililoongeza moto. Mwaka 2019, baada ya mvutano na kampuni moja ya Uingereza, Unity iliahidi kwamba mtu anayebaki na toleo la zamani la programu ataruhusiwa kubaki na masharti ya toleo hilo. Iliweka hata ukurasa wa wazi ambapo kila badiliko la masharti lingeonekana. Watengenezaji walipoutafuta ukurasa ule Septemba 2023, walikuta umeondolewa.

Watengenezaji walifanya nini?

Hatua ya kwanza ilikuwa kusema hadharani, kwa majina ya kampuni zao. Innersloth, waliotengeneza Among Us, walionya kwamba ada hiyo ingewaumiza wao na wenzao wengi. Mega Crit, studio ndogo ya Marekani iliyotengeneza Slay the Spire, ilisema itahamia injini nyingine kama mabadiliko hayo hayataondolewa kabisa. Garry Newman wa studio ya Facepunch ya Uingereza, waliotengeneza Rust, aliandika kwamba Rust ya pili haitajengwa kwa Unity. Kilichomkera zaidi hakikuwa ukubwa wa fedha. Ilikuwa ni kuona kwamba kampuni inaweza kujiamulia peke yake kumtoza kodi mpya juu ya kazi iliyokwishafanyika.

Hatua ya pili iligusa mfuko. Unity haiuzi leseni tu. Inapata fedha nyingi kutokana na matangazo yanayoonyeshwa ndani ya michezo ya simu. Kundi la studio za michezo ya simu, zikiwemo Azur Games na Voodoo, liliandika barua ya wazi na kuzima matangazo ya Unity na ya ironSource, kampuni ya Israeli iliyoungana na Unity mwaka 2022. Hapo mgomo uliacha kuwa maneno ya mtandaoni. Kila siku matangazo yakiwa yamezimwa, Unity nayo ilikuwa inapoteza.

Hatua ya tatu ilikuwa kuimarisha njia mbadala. Kuna injini nyingine iitwayo Godot, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, na kutolewa huria mwaka 2014. Programu huria maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha bila kulipa, na hakuna mwenye mamlaka ya kuamka asubuhi akatangaza ada. Tarehe 19 Septemba, kampuni ya Re-Logic, iliyotengeneza Terraria, ilitangaza kuipa Godot dola 100,000 na mradi mwingine huria uitwao FNA dola 100,000, pamoja na dola 1,000 kila mwezi kwa kila mmoja. Terraria yenyewe haikujengwa kwa Unity. Waliona moshi kwa jirani wakabeba ndoo.

Niseme pia kwamba si kila kilichotokea kilikuwa cha kiungwana. Unity ilifunga kwa muda ofisi zake za San Francisco na Austin kwa sababu ya tishio la usalama. Baadaye polisi wa San Francisco walieleza kwamba tishio lile lilitoka kwa mfanyakazi wa kampuni yenyewe. Hata hivyo wafanyakazi wa kawaida, ambao hawakupanga ada ile, nao walitukanwa na kutishwa mitandaoni. Hilo halikumsaidia mtu.

Na upande wa kampuni?

Haki inataka tusikie pande zote mbili. Kutengeneza injini ya michezo kunahitaji maelfu ya wafanyakazi, na kila mwezi wanasubiri mshahara. Unity iliingia soko la hisa la New York mwaka 2020 huku ikiendelea kupata hasara. Kwa mwaka 2022 peke yake, hasara ilizidi dola milioni 900. Wenye hisa walitaka kuona faida.

Kwa hiyo hapa tunarudi kwa msikilizaji wetu. Mwenyewe anakula wapi? Jibu la kweli ni kwamba Unity ilikuwa haijashiba. Ilitoa programu bure ili watu waizoee, ikatumaini kwamba wakishakuwa wengi itapatikana njia ya kuvuna. Rahisi ghali, walisema wahenga, na gharama huja ukiwa tayari umeshazoea.

Hata hivyo kutoza si kosa. Injini nyingine kubwa, Unreal ya kampuni ya Epic Games, kwa miaka kadhaa ilikuwa ikichukua asilimia 5 ya mapato ya mchezo baada ya kuvuka dola milioni 1. Unaweza kuiona kubwa, lakini inafuata fedha iliyoingia, na mtu anaijua kabla ya kuanza kazi. Kosa la Unity lilikuwa kubadili mkataba katikati, kutumia kipimo ambacho mlipaji hawezi kukihakiki, na kuwagusa hata waliokwishavuna.

Kurudi nyuma, hatua kwa hatua

Tarehe 17 Septemba, siku tano baada ya tangazo, Unity iliomba radhi. Tarehe 22 ikatoa masharti mapya. Wanaotumia toleo la bure waliondolewa kabisa kwenye ada, na kiwango cha mapato kinachoruhusiwa kwa toleo hilo kikapandishwa kutoka dola 100,000 hadi 200,000. Kwa wakubwa, ada ingehusu tu michezo itakayotengenezwa kwa toleo la mwaka 2024 na kuendelea, na isingezidi asilimia 2.5 ya mapato. Idadi ingetolewa na mtengenezaji mwenyewe. Ahadi ya kubaki na masharti ya toleo unalotumia ikarudishwa.

Tarehe 9 Oktoba 2023, mkurugenzi mkuu, John Riccitiello, aliyekuwa ameiongoza kampuni tangu mwaka 2014, aliondoka. Januari 2024 Unity ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,800, robo ya wote. Na tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu tangazo la kwanza, mkurugenzi mkuu mpya, Matthew Bromberg, alitangaza kwamba ada ile imefutwa.

Je, watengenezaji walishinda? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Lakini tangazo lililofuta ada ndilo lililopandisha bei ya leseni. Kuanzia Januari 2025, Pro ilipanda kwa asilimia 8 hadi dola 2,200, na leseni ya makampuni makubwa kwa asilimia 25. Tofauti ni kwamba mara hii mlipaji alijua mapema atalipa kiasi gani, na kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu tu mchezo umependwa.

Na wapo ambao hawakurudi. Slay the Spire 2, mchezo wa pili wa Mega Crit uliotangazwa mwaka 2024, umejengwa kwa Godot. Ada inaweza kufutwa kwa tangazo la siku moja, lakini kuaminiwa tena hakuletwi na tangazo.

Kwetu inahusu nini?

Kama una kijana anayejifunza kutengeneza michezo, habari njema ni kwamba toleo la bure la Unity bado lipo, na Godot ipo. Ajifunze. Ila asijifunze kubonyeza vitufe vya programu moja tu. Ajifunze misingi, yaani kuandika programu, kuchora, kupanga mchezo, kwa sababu hiyo atahama nayo popote.

Na hata kama nyumbani kwako hakuna anayetengeneza michezo, fikiria wangapi kati yetu tumejenga kazi zetu juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Yupo mama anayeuza vitenge kupitia kundi la WhatsApp, na wateja wake wote wako humo. Yupo fundi ambaye picha za kazi zake zote ziko kwenye ukurasa mmoja wa mtandao. Hakuna ubaya. Viwanja hivyo vimewafungulia watu milango. Ila mwenye kiwanja ana haki zake, na siku moja anaweza kuzikumbuka.

Kisa cha Unity kinatuachia mambo matatu ya kufanya. Soma masharti, au mwombe anayeelewa akusomee, na utunze nakala. Watengenezaji waliweza kuibana Unity kwa sababu wapo waliotunza ahadi ya mwaka 2019. Pili, jua mlango wa kutokea kabla hujauhitaji. Yule mama wa vitenge aandike namba za wateja wake kwenye daftari, leo. Tatu, likitokea la kutokea, msilalamike mmojammoja. Unity haikurudi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja mwenye hasira. Ilirudi nyuma wengi walipoongea siku zilezile, na baadhi yao wakazima matangazo.

Kwa msikilizaji aliyeuliza: asante kwa swali lako. Programu ikiwa ya bure, mwenyewe anakula mahali fulani, au bado anatafuta pa kula. Kabla hujapanda miparachichi yako, muulize ni wapi. Ukiwa na swali lingine, tutumie ujumbe kupitia namba ya kipindi, nasi tutalijibu hewani au hapahapa.